Sistimu ya kusimamia ubia wa vyuo: tarehe inakumbuka, vihatarishi inavificha

Niko kitengo cha udhibiti ubora, chuo chetu kina wabia wanaofundisha kozi zetu huko kwao na cheti kinatoka na jina letu, sasa hii sistimu tumeitumia vya kutosha naweza kuisema. Jina silitaji, maana nilizoziona nyingine sokoni mtindo ni huohuo.

Kwanza haki yake. Rejista ya mikataba iko vizuri sana aisee. Zamani kila kitivo kina Eksel yake, mkuu wa kitivo anasaini makubaliano huko safarini, sisi tunakuja kushtuka wanafunzi wameshadahiliwa na mbia hata hajachunguzwa. Siku hizi bila idhini mkataba haupati namba, na ukikaribia kuisha inatuma imeili kwa kila anayehusika tena inarudia rudia mpaka mtu anakereka anafanya kazi. Hapo nawapa tano.

Shida iko kwenye vihatarishi. Kila mbia unampa alama 1 mpaka 5, 5 ndo hatari kubwa, kwenye vigezo vitano, halafu sistimu inapiga wastani na kutoa rangi. Mbia wetu mmoja alipata fedha 1, sheria 1, sifa 2, huduma kwa wanafunzi 1, walimu 5. Hiyo 5 ni kwa sababu walimu tuliopitisha sivii zao walishaondoka na waliokuwa darasani hatuwajui kabisa. Jumla 10, gawa kwa tano, 2, kijani! Mkuu wa chuo anafungua deshibodi anaona kijani anaendelea na chai yake. Jamani kozi bila mwalimu inabaki nini? Rangi ingefuata alama mbaya kuliko zote, sio wastani.

Na sio kwamba nakuza mambo. University of Wales ya huko Uingereza iliwahi kuwa na wabia kibao duniani, 2010 ikaja kubainika mkuu wa chuo kimoja mbia huko Malaysia ana shahada feki, 2011 wakatangaza wanaacha kabisa kuidhinisha kozi za vyuo vingine. Mbia akiharibu anayeulizwa ni mwenye jina kwenye cheti. Mwongozo wa 2005 wa UNESCO na OECD (shirika la nchi zinazoshirikiana kiuchumi) nao uko wazi, kozi unayoipeleka nje ya nchi ubora wake ulingane na wa nyumbani, sasa mlinganisho huo kwenye sistimu nzima sijauona popote, matokeo ya wanafunzi wa kwetu na wa kwa mbia yako kurasa mbili tofauti na huwezi kuyaweka pamoja.

Ripoti ya mtahini wa nje, yule mwalimu wa chuo kingine anayekagua mitihani na usahihishaji, ndo kichekesho. Ukishapandisha faili tu inaweka tiki, hata kama ndani mtahini kaandika skripti zina maksi bila maelezo yoyote ya msahihishaji. Hakuna pa kuandika nani anajibu hilo na lini, kwa hiyo tunaandika kwenye daftari la pembeni, yaani tumenunua sistimu ili turudi kwenye daftari.

Halafu sehemu ya mpango wa kufunga ubia sio lazima kujaza, nimeweka nukta ikapokea. Wakati hapo ndo wanafunzi wanaumia, ubia umevunjika wao wako mwaka wa pili, nani atawafundisha mpaka wamalize, maksi zao anazo nani? Nimewaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu sana kwamba itakuja kwenye apdeti.

Nyota 3 kati ya 5. Kama mna wabia wawili watatu msinunue, Eksel na mtu makini vinatosha. Kama ni wengi nunueni, ila siku wauzaji wanakuja kuwaonyesha waambieni waingize 1, 1, 2, 1, 5 mbele yenu muone inatoa rangi gani.