Mwenzangu alilipia mafunzo ya theluji, akaambiwa akae kwenye benchi

Ningependa kuandika kwamba mafunzo haya hayafai hata kidogo, ila huo ungekuwa uongo, na hasira niliyo nayo haihitaji uongo ili isimame.

Mapema mwaka huu kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, ambayo siitaji kwa kuwa malalamiko yetu bado yako mezani kwao, iliendesha hapa Kasese, Uganda, mafunzo ya kujihami na maporomoko ya theluji. Atakayeuliza theluji inatuhusu nini sisi tulio karibu na ikweta ajue kwamba kilele cha Margherita katika milima yetu ya Rwenzori, chenye mita 5,109, bado kina barafu, ingawa imepungua sana. Ajue pia kwamba baadhi yetu tunaoongoza wageni Rwenzori hualikwa na wageni haohao kwenda kutembea kwa ski, yaani zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, katika milima ya Ulaya, ambako hatari kubwa si nyufa za barafu tulizozizoea, bali theluji yenyewe kukatika na kushuka na watu.

Asubuhi ilikuwa ya darasani na sina neno nayo. Tulielezwa kwamba miteremko ya kuogopwa zaidi ni ile yenye nyuzi 30 hadi 45, na kwamba theluji hulala kwa matabaka, la chini likiwa dhaifu na la juu limeshikamana kama ubao, hivyo katika ajali nyingi anayelivunja tabaka hilo ni mhanga mwenyewe au mtu wa msafara wake. Tulielezwa pia, na hapa naomba msomaji ashike vizuri, kwamba aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana takriban nafasi tisa kati ya kumi za kuishi, lakini ikifika nusu saa nafasi hiyo imeshuka hadi karibu theluthi moja. Kwa hiyo hakuna helikopta ya kungojewa. Atakayekuokoa ni yule uliyeandamana naye.

Mchana tulitoka uwanjani, ambako transiva, yaani kile kifaa cha kuvaa kifuani kinachotuma mawimbi na kuyapokea ili aliyefukiwa atafutwe, kilikuwa kimefichwa ndani ya gunia chini ya lundo la mchanga. Mpagazi mkuu wa kikosi chetu, mtu mzima ambaye mimi na vijana wote wa mlimani humwita Mzee, alinyoosha mkono apokee kifaa chake kama wengine. Mkufunzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akakivuta nyuma na kusema, “Wewe kaa pale. Wapagazi wataangalia tu. Ukikiangusha utakilipa na nini?” Nikamwambia kwa adabu, “Bwana mkufunzi, Mzee amelipa ada ileile tuliyolipa sisi, na risiti anayo.” Akanijibu bila hata kunitazama kwamba ada hiyo ni ya kusikiliza. Mzee akasema “haya”, akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wapagazi wengine wawili, ambao nao walikuwa wamelipa.

Sasa niulize: asubuhi alikuwa akimfundisha nani? Mlimani mgeni akifukiwa, watakaokuwa karibu naye ni sisi na wapagazi. Tena kazi inayokula muda mwingi si kufuata mshale unaoonekana kwenye kifaa wala kuchomachoma theluji kwa ule ufito mrefu wa kukunja, bali ni kuchimba. Tuliona wenyewe vijana waliotoka Kampala wakihema na mabeleshi kwenye mchanga mkavu, huku wanaume wenye mikono iliyozoea mizigo ya Rwenzori wakikodoa macho kutoka kwenye benchi. Kama angekuwa mtu amefukiwa pale, kwa hesabu ya mkufunzi mwenyewe, tungekuwa tunatoa maiti.

Lakini haki ni haki: zoezi lilikuwa zuri kupita kiasi. Nilijifunza kwamba mshale haukupeleki moja kwa moja bali hukuzungusha kwa kuyafuata mawimbi yalivyopinda, kwamba ukikaribia unashusha kifaa hadi usawa wa theluji, na kwamba ufito ukigusa mtu hauchomolewi, unaachwa palepale ili wachimbaji waufuate. Nisingeyapata haya kwa kusoma. Kwa hiyo nendeni. Au hapana, msiende, labda muwe na maandishi mkononi kwamba kila aliyelipa atashika kifaa, kwa sababu nikikumbuka lile “haya” la Mzee, hata niliyojifunza yananikaa vibaya.

Nilikusudia kutoa nyota moja, natoa mbili, na zote ni za lile lundo la mchanga. Kampuni ikimrudishia Mzee na wenzake ada yao, au ikiwaita upya na kuwapa vifaa, nitakuja kuongeza ya tatu. Mkufunzi yule akibaki, sitaongeza kitu.