Kumkwepa au kumwambia waziwazi?

Rafiki anakupigia saa tano usiku, mara ya nne wiki hii, kukumwagia yale yale ya ndoa yake. Nawe saa kumi na moja alfajiri unatakiwa uwe steji, Kayole, kuwahi matatu ya kwenda mjini. Una njia mbili.

Ya kwanza, ambayo wengi wetu Nairobi tumeibobea, ni kumkwepa. Simu inaita hadi inakatika, kesho unasingizia chaji, au stima zilipotea. Hakuna anayenuna. Lakini kwa kuwa yeye hajui kuna shida, anapiga tena, na kila simu ikiita moyo wako unaruka. Siku moja unamlipukia kwa jambo dogo, naye anabaki akishangaa amekosea wapi. (Nimewahi kulipuka hivyo. Ilikuwa kuhusu sufuria.)

Ya pili ni kusema: "Dadangu, nakupenda, lakini baada ya saa tatu siwezi kuongea. Jumamosi tukutane Uhuru Park unieleze yote." Atanuna, pengine wiki nzima. Hata hivyo anajua mpaka uko wapi, na kwamba hujamtupa. Ila ukishasema saa tatu, usipokee saa tano kwa huruma.

Mimi nachagua ya pili, isipokuwa kwa mtu anayekutisha au kukupiga: huyo huna deni la kumweleza lolote. Na rafiki akisema hataki kuishi tena, sahau saa. Kaa naye kwenye simu, umpe pia namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, isiyolipiwa.