Uzi wa dukani au sweta la mtumba la kufumua? Uchambuzi kwa wafumaji wa Nyanda za Juu Kusini

Karibuni wafumaji. Leo mezani kuna uzi wa akriliki wa donge, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kuna sweta la sufu la mtumba ambalo halijafumuliwa, na pembeni yake uzi uliotoka kwenye sweta kama hilo, umeshaoshwa. Kuna pia sindano za aina tatu. Bei sitazitaja, kwa sababu bei ya mtumba hubadilika kila belo linapofunguliwa, na ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, si ya Njombe.

Hukumu yangu naitoa mapema ili ujue unasikiliza nini: kwa baridi ya Juni hadi Agosti huku kwetu, sufu ya kufumua kutoka kwenye mtumba ni uzi bora kuliko akriliki ya dukani, mradi uchague sweta linalofumulika. Hapo kwenye kuchagua ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo tutakaa hapo muda mrefu.

Tuanze na akriliki, sitachelewa nayo. Ina rangi nyingi, inafuliwa bila hofu, haiwashi ngozi ya mtoto mchanga, na nondo hawaili. Kwa vazi la mtoto linalofuliwa kila siku, nunua akriliki. Ubaya wake uko sehemu tatu. Kwanza, hainywi unyevu. Sufu hunyonya mvuke wa maji kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa. Akriliki hukuacha na jasho baridi mgongoni, na kwa mtu wa Tukuyu mwenye mvua na ukungu hilo ni jambo kubwa. Pili, pasi huiharibu moja kwa moja. Ukiikandamiza kwa pasi ya moto inalala, inang'aa, na ule mvutano wa lastiki ya chini ya sweta, yaani ukingo unaovutika, haurudi tena. Tatu, na hili nalisema kwa uzito: akriliki ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Sufu huwaka kwa shida na mara nyingi hujizima. Nyumba nyingi huku zinaota jiko la mkaa usiku. Mtoto anayetambaa karibu na jiko usimfumie koti la akriliki lenye mikono mipana.

Ukinunua akriliki, angalia lebo ya donge. Kuna namba ya rangi, na kando yake namba ya loti, yaani mkupuo mmoja wa kutia rangi kiwandani. Madonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini loti tofauti yanafanana chini ya taa ya duka. Ukitoka nje juani, mgongo wa sweta una mstari. Nunua yote siku moja. Kwa sweta la mtu mzima la uzi wa unene wa kati, gramu 400 hadi 500 za akriliki zinatosha. Kama umelazimika kuchanganya loti, usimalize donge moja ndipo uanze jingine. Fuma mistari miwili kwa donge la kwanza, miwili kwa la pili, ukibadilishana hivyo hivyo, na tofauti itapotea machoni.

Sasa sweta la mtumba. Kabla ya kuuliza bei, ligeuze nje ndani. Nasogeza kamera kwenye mshono wa ubavuni. Unaona kingo mbili nzima, kila moja imemalizika yenyewe, na katikati yake mnyororo mwembamba unaoziunganisha? Hilo linafumulika. Vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake, uzi ukafika ukingoni ukageuka ukarudi, kwa hiyo ukivuta unapata uzi mrefu usiokatika. Linganisha na hili jingine: ukingo umekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki. Hili liache, hata kama ni sufu tupu na rangi imekupendeza. Lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kipana, na kila mstari ni uzi wake. Ukilifumua utapata mamia ya vipande vifupi, havifai hata kwa soksi.

Jambo la pili la kuangalia ni kama limeganda. Vuta kitambaa kwa vidole viwili. Vitanzi vikionekana wazi na kuachana, sawa. Likiwa nene, gumu, vitanzi vimepotea ndani ya manyoya, mwenye nalo wa kwanza alilifua kwa maji ya moto. Unywele wa sufu una magamba madogo. Joto, sabuni na msuguano huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani.

Tatu, lebo. Lebo nyingine hazina Kiingereza, kwa hiyo tafuta maandishi LANA, LAINE au WOLLE. Yote ni sufu, kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani. Lebo ikiwa imekatwa, omba muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi wa sentimita tano kutoka kwenye mshono wa ndani. Ushike kwa kibanio, uuwashe juu ya sahani yenye maji. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Ukipata harufu ya nywele pamoja na kidonge, ni mchanganyiko, na mchanganyiko si mbaya, ila ujue unachonunua.

Mwisho, ukubwa wa uzi na wa sweta. Chagua sweta la mwanamume, kubwa, lenye uzi unaouona kwa macho. Sweta nyembamba sana za ofisini hutoa uzi kama wa cherehani, na utahitaji kuunganisha nyuzi mbili au tatu pamoja ndipo ufume. Angalia pia viwiko na makwapa: tundu moja ni fundo moja, matundu ya nondo yaliyotapakaa ni mafundo yasiyoisha, tena unaweza kubeba mayai ya nondo hadi kwenye sanduku lako. Ukilifikisha nyumbani lifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaliweka karibu na sufu nyingine. Mwenye friza aliache humo siku kadhaa.

Kufumua kunaanzia kwenye mishono. Tafuta ule mnyororo, kata kitanzi kimoja cha mwisho, vuta. Mnyororo ukigoma, vuta kutoka upande mwingine. Mnyororo hufunguka kwa upande mmoja tu, na anayelazimisha ndiye anayekata kitambaa. Toa shingo kwanza, kisha mikono, kisha tenganisha mbele na nyuma. Halafu anza juu, mabegani, ukishuka. Sweta nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hufunguka kuanzia ulikoishia. Anayeanza chini kwenye lastiki anahangaika bure.

Uzi unaotoka uzungushie miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Hii ni faida mara mbili: uzi unakaa kwa mpangilio, na unaweza kuupima. Pima mzunguko wa miguu minne kwa futi ya fundi. Ukiwa sentimita 120, mizunguko 100 ni mita 120, na sasa unajua urefu wa uzi wako. Funga shada, yaani huo uzi uliozungushwa, sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine, ukipitisha kwa umbo la nane na kulegeza kidogo. Asiyefunga, akiloweka, anatoa maji na fujo.

Uzi umejikunja kama tambi, mnauona. Usifume hivi. Ukiufuma umejikunja, vitanzi vinatoka vikubwa na vidogo, na siku utakayofua vazi linabadilika kipimo. Loweka shada kwenye maji vuguvugu yenye shampuu kidogo, dakika 20 hadi 30, bila kusugua. Suuza kwa maji ya joto lile lile. Usikamue kwa kuzungusha. Likunje ndani ya taulo ulikandamize. Anika kivulini na chini yake utundike kitu chepesi tu, kwa mfano hanga la nguo. Uzito mkubwa huuchosha uzi, ukakauka umevutika, na vazi likafupika baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Uzi ukikauka, ujue unene wake. Uzungushe kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu kwenye sentimita 2.5. Ikiwa ni kama 14, huo ni mwembamba, jaribu sindano ya milimita 3.25. Kama 11 ni wa kati, milimita 4. Kama 9, milimita 5. Hayo ni mahali pa kuanzia. Uamuzi unatoka kwenye kipande cha kupimia, yaani kipande kidogo unachofuma kwanza ili kuhesabu vitanzi.

Kwenye sindano nitasema machache ila yashike. Za alumini ni nyepesi, na sufu huteleza juu yake vizuri. Anayejifunza hudondosha vitanzi. Za plastiki hupinda, na akriliki hukwama juu yake mkono ukitoa jasho. Za mianzi ndizo ninazompa anayeanza, zinashika uzi bila kuung'ang'ania. Na mianzi Iringa na Njombe ipo, hii hii ya pombe ya ulanzi. Chukua uliokomaa na kukauka kabisa, tumia ukuta wa nje ulio mgumu, pasua, chonga, piga msasa namba 120 kisha 400, halafu usugue kwa nta ya mshumaa na kitambaa. Mwanzi mbichi utasinyaa na kupasuka, na mpasuko mdogo hukamata kila kitanzi.

Namba za sindano ndizo zinazoharibu sweta nyingi za patani, yaani maelezo ya kufuma, za kutoka nje. Sindano namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Tena zinakwenda kinyume: kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani inanenepa. Kwa hiyo usisome namba, soma milimita. Sindano isiyo na maandishi ilaze na mwenzake juu ya rula: mbili zikichukua milimita 8, kila moja ni 4.

Na kosa dogo la kipimo si dogo. Patani inataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, wewe unapata 20. Sweta la kifua cha sentimita 100 lina vitanzi 220. Kwa mkono wako litatoka sentimita 110. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, uhesabu katikati. Vitanzi vikiwa pungufu, shuka sindano nyembamba zaidi.

Sasa kugawana. Wafumaji wenzangu, donge lisilo na maelezo ukimpa mwenzako umempa kazi ya kubahatisha. Funga kikaratasi: aina ya uzi na kama ulijaribiwa kwa moto, gramu, mita, mizunguko kwenye rula, na kama ni uzi wa dukani, namba ya rangi na ya loti. Sema pia kama ulioshwa. Kwa patani, andika milimita za sindano, vitanzi kwa sentimita 10, na saizi uliyofuma wewe. Patani ya kununua mwazime mwenzako karatasi yako, usiitoe fotokopi za kuuza. Ni kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Za bure halali zipo nyingi kwenye Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanza mwaka 2007. Chuja kwa zinazotolewa bure na kwa unene wa uzi ulio nao.

Hii ya kofia ya mzula ninawapa mimi, inakiliwe na kusambazwa. Kichwa cha sentimita 54 hadi 56, uzi wa kati, sindano mbili za kawaida za milimita 4, vitanzi 22 kwa sentimita 10, kama gramu 80. Anzisha vitanzi 98. Mstari wa kwanza fuma viwili mbele (vitanzi laini), viwili nyuma (vitanzi vya vinundu), ukirudia hivyo, umalize na viwili mbele. Wa pili anza viwili nyuma, viwili mbele, umalize na viwili nyuma. Rudia hadi lastiki ifike sentimita 6. Kisha fuma mstari mmoja wote mbele, mmoja wote nyuma, hadi kofia iwe na sentimita 16 kutoka chini.

Hapo anza kupunguza, kwenye mstari wa mbele. Fuma kimoja, halafu fuma 10 na uunganishe viwili pamoja, mara nane, malizia na kimoja. Vinabaki 90. Mstari unaofuata wote nyuma bila kupunguza. Mstari wa mbele ukija, badala ya 10 fuma 9, kisha 8, ukishuka hivyo hadi fuma 1, na vitabaki 18. Fuma mstari mmoja wa nyuma, kisha unganisha viwili viwili, vinabaki 9. Kata uzi ukiacha sentimita 60, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote tisa, vuta mpaka tundu lizibe, upitishe mara ya pili, halafu uzi huo huo ushone nao mshono wa nyuma ukishuka hadi lastiki. Mikia yote ifiche upande wa ndani kwa kupita vitanzi sita hivi kwenda na vitatu kurudi. Sufu hushika hapo. Akriliki huteleza ikatoka, kwa hiyo kwa akriliki ongeza urefu mara mbili.