Tovuti ya kwanza: itazame bei ya mwaka wa pili

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo naongea nanyi kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wewe mama unayefungasha dagaa wa Kibirizi, wewe kijana unayepeleka wageni Gombe kwa boti, wewe unayetuma mawese Dar: kama unataka kufungua tovuti na hujawahi, kaa hapa. Nataka hela yako iende mahali ambapo ukichoka unaweza kuhama na mali yako.

Tuanze na programu ya kujengea. Wix ni rahisi kweli kweli. Unaburuta picha, unaandika jina la biashara, ukurasa umekaa. Ukitumia ile ya bure, anwani yako inabeba jina lao na tangazo lao linaonekana kwenye ukurasa wako. Hilo linavumilika kwa anayejifunza. Kinachonisumbua mimi ni kwamba tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ya kampuni nyingine. Siku bei ikipanda, unalipa au unajenga upya kuanzia msingi.

Blogger ya Google ni bure, na ukiwa na domeini yako, yaani anwani yako mwenyewe ya tovuti, unaiunganisha. Ni nzuri kwa makala na picha. Kwa duka, hapana.

Sasa WordPress. Ipo tangu 2003, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Tega sikio hapa, maana ziko mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni, wao ndio wanakuhifadhia tovuti. Ya WordPress.org ni programu ya bure, unaipakia kwenye seva unayokodi mwenyewe. Ninayokupendekezea ni hii ya pili. Mwanzoni itakuchosha, sikufichi: lazima uisasishe, na usirundike plagini, vile viprogramu vya kuongezea tovuti kazi, kwa sababu plagini iliyoachwa bila kusasishwa ndiyo wadukuzi wanayopenda kupitia. Lakini ukikorofishana na mwenye seva, unachukua mafaili na hifadhidata yako, yaani ghala la maandishi na taarifa za tovuti, unahamia kwingine.

Haya, seva. Anayeanza inamtosha seva ya kuchangia. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi: unalipa kidogo, ila jirani akifanya vurugu na wewe hulali. Kwenye bei sasa, nisikilizeni vizuri. Ile namba kubwa kwenye tangazo ni ya kipindi cha kwanza, na mara nyingi hupewi mpaka ulipie miaka kadhaa kwa mkupuo. Teremka chini, soma maandishi madogo, tafuta bei ya kuhuisha, yaani ya kulipia tena kipindi cha kwanza kikiisha. Hiyo ndiyo bei yenyewe. Na kama inatozwa kwa dola, dola ikipanda na wewe unapanda nayo. Kampuni za hapa nyumbani zinakupokelea M-Pesa na kukuandikia shilingi, jambo ambalo kwa biashara ndogo lina uzito.

Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, watu wa huduma iitwayo Let's Encrypt wanakitoa bure. Ukitozwa pesa kwa ajili yake, uliza kwanza kwa nini.

Domeini ndiyo inayoniuma zaidi. Iwe .co.tz au .com, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama kazi yote anaifanya fundi. Fundi akisajili kwa jina lake kisha akahama mji na simu haipatikani, anwani iliyoandikwa kwenye mifuko yako ya dagaa iko mikononi mwake. Kaa naye, fungueni akaunti pamoja, nywila uiweke wewe.

Picha je? Simu inapiga picha ya megabaiti tatu, nne. Mteja wako yuko Uvinza na bando la kupima, atangoja mpaka lini? Ipunguze upana hadi pikseli 1200, na uzito ushuke chini ya kilobaiti 200 ndipo uipandishe.

Kabla ya kulipa, watumie wenye seva swali Jumamosi usiku. Waulize nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya tovuti yako, wanachukua kila baada ya siku ngapi, na kuirudisha ni bure au kwa malipo. Wakikaa kimya mpaka Jumatatu mchana, tafuta wengine.