Garnacha ya Calatayud: ipitishe kwenye friji kwanza

Kila aliyewahi kunimiminia mvinyo mwekundu alinionya kwamba haupoozwi. Kwa chupa hii ya Garnacha, ushauri huo ungenipotezea euro 9.

Naishi Zaragoza, Hispania, huu mwaka wa nne. Agosti ghorofa zetu zinakuwa tanuri, na niliifungua usiku sebule ikiwa kwenye nyuzi 30 hivi. Kilevi kikanigonga puani kabla sijaonja (lebo inasema asilimia 15, na haitanii), kisha ukafuata utamu mzito, kama jemu iliyoshika chini ya sufuria. Glasi moja ikanitosha. Nikarudishia kizibo, nikaisukumia kwenye friji, nikaenda kulala nikijiona nimeliwa.

Kesho yake jioni niliitoa, nikaiacha mezani kwa muda wa kukatakata kachumbari, nikamimina tena. Ulikuwa mvinyo mwingine. Kilevi kimetulia, na ladha iliyokuja mbele ni zambarau zilizoiva, zile zinazoacha ulimi na rangi, na nyuma yake pilipili manga kidogo. Ukakasi upo, lakini wa kiungwana, haukaushi fizi kama chai iliyochemshwa mara tatu. Halafu ukishameza, mate yanajaa mdomoni unataka funda lingine. Uchachu huo ndio ninaoulipia.

Garnacha kwa kawaida haina sifa hiyo. Ni zabibu ya ngozi nyembamba, yenye sukari nyingi, inayopenda jua na kuvumilia ukame; Wafaransa wanaiita Grenache. Ikipandwa bondeni penye joto, uchachu wake unapungua mapema na mvinyo unatoka mtamu, wenye kilevi kingi, bila uti wa mgongo. Calatayud, kusini-magharibi mwa Zaragoza, iko juu, na mashamba mengine yanakaribia mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linapika sukari, usiku baridi inaulinda uchachu, na zabibu zinachelewa kuiva.

Niliyaamini hayo Oktoba nilipopanda na rafiki hadi mashamba ya upande wa Miedes. Saa sita mchana nilikuwa na fulana tu. Jua lilipozama nikaazima koti la mwenye shamba. Mizabibu yake haina nguzo wala waya. Kila mmoja unasimama peke yake, umenifika magotini, shina limepindana na kunenepa kama kifundo cha mguu wa tembo. Ardhi yenyewe ni mawe, mengine bapa, yanameguka chini ya kiatu kama kigae. Mzee yule alituambia mizabibu hiyo ilipandwa na babu yake, na mmoja unampa zabibu za kutosha chupa moja, mwaka mzuri moja na nusu. Majirani zake waling'oa ya kwao miaka ambayo Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiwalipa wakulima kung'oa mizabibu. Yeye alibaki, nadhani kwa ubishi tu.

Jina Calatayud linatokana na Kiarabu, Qal'at Ayyub, ngome ya Ayubu. Nilipolijua nilicheka peke yangu kwenye treni, maana mizabibu inayotoa matunda kwenye mawe yale, kwa mvua kidogo namna ile, ina subira ya Ayubu kweli. Nilikulia Dodoma, nako ni juu ya mita 1,000, ila kule mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Huku unavunwa mara moja, halafu unalala kipindi chote cha baridi kama kijiti kikavu. Nilipomsimulia mzee habari ya mavuno mawili aliniangalia kama namdanganya.

Kwenye chakula, nimeinywa na mwanakondoo wa kuchoma, ambaye Waaragon, wenyeji wa jimbo hili la Aragon, wanamwita ternasco, na sijapata cha kuizidi. Kwa mbuzi choma pia inakwenda vizuri. Kwa samaki hapana. Nilijaribu, ikaacha ladha ya chuma mdomoni.

Angalizo kwenye kununua. Chupa yangu ya pili, mvinyo huohuo na mwaka uleule, niliitoa kwenye duka moja linalozipanga dirishani zikipigwa na jua kutwa. Ilikuwa imeiva ndani ya chupa, inanuka zabibu kavu zilizochemshwa, na friji haikuisaidia. Siku hizi nachukua kwenye chama cha ushirika cha wakulima, ghalani kwao, kwa bei ileile. Tafuta lebo iliyoandikwa viñas viejas, mizabibu mizee, ingawa neno hilo kila mtu analitumia apendavyo. Wakiandika na mwinuko wa shamba, afadhali zaidi. Dakika 20 za friji zinatosha. Na glasi ya mwisho imimine taratibu, chini kuna mashapo. Mie nilimpa shemeji bila kumwambia, akadhani nimemwekea kahawa.