Tripodi au monopodi: jiulize kwanza ni nini kinachotikisika

Kabla hujaenda dukani kununua stendi ya kamera, iwe tripodi (ya miguu mitatu) au monopodi (ya mguu mmoja), chukua picha zako kumi zilizokukatisha tamaa mwezi huu, zifungue kwenye kompyuta uzikuze. Angalia ukuta, viti, mapambo ya nyuma. Kama navyo vimevurugika, mkono wako ndio uliotikisika. Kama ukuta umetulia lakini bibi harusi amekuwa kama moshi, yeye ndiye aliyesogea, na hapo hakuna stendi itakayokusaidia. Utahitaji kasi kubwa ya shata (kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga), na kwa hiyo mwanga zaidi, flashi, au ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya juu. Stendi hushika kamera. Hailishiki tukio.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wengi wanaoanza kazi ya harusi wakitoa mtaji wao wa kwanza kwenye tripodi, kisha inakaa stoo. Watu wanaocheza wanataka walau 1/250 ya sekunde. Kwa kasi hiyo, na lenzi ya milimita 85, mkono wako unatosha kabisa, kwani kanuni ya zamani inasema shata isiwe polepole kuliko moja kwa milimita za lenzi, hapa 1/85 ya sekunde. Tripodi hapo haikuongezei kitu.

Namba 1: tripodi ya alumini ya uzito wa kati

Hata hivyo, kama utanunua stendi moja tu, nashauri hii. Inafanya kazi ambazo mkono hauwezi kuzifanya kamwe: taa za Forodhani usiku kwa shata ya sekunde 8, picha za bidhaa za dukani zenye ukali kuanzia mbele hadi nyuma, video ya mahojiano, picha ya ukoo mzima na wewe mwenyewe ukiwemo.

Tafuta yenye uzito wa kilo 1.5 hadi 2, na kichwa kinachofunguka kutoka kwenye miguu. Kichwa kikiharibika utabadilisha kichwa peke yake. Skrubu inayoingia kwenye kamera ni ya robo inchi karibu kila mahali, na ile ya kati ya miguu na kichwa mara nyingi ni 3/8 ya inchi. Kwa picha za kawaida chukua kichwa cha mpira, yaani chenye tufe linalogeuka pande zote, unakifunga kwa mzunguko mmoja. Anayepiga video zaidi achukue kichwa chenye mkono mrefu na mwendo laini wa mafuta, maana kile cha mpira kitamtesa anapofuata mtu anayetembea.

Uzito ambao boksi linasema stendi inabeba usiuamini sana. Mimi huzidisha mara tatu: kamera na lenzi zikiwa kilo 1.5, natafuta stendi iliyoandikwa kuwa inabeba kilo 5 na kuendelea. Halafu naijaribu palepale. Tandaza miguu yote, lakini nguzo ya katikati iache chini, kwa sababu ukiipandisha umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja mwembamba juu ya kiti. Bonyeza kichwa kwa kiganja, kisha kizungushe kidogo kushoto na kulia. Miguu ikijipinda, rudisha. Kama una kamera mkononi, vuta lenzi hadi mwisho, kuza picha kwenye skrini, gusa mguu mmoja kwa kidole uone picha inachukua muda gani kutulia. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia.

Za nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na humeza mtikisiko vizuri. Kampuni ya Gitzo ilianza kuziuza mwaka 1994, na mpaka leo bei yake ni ya juu. Kwa anayepanda milima ya Usambara na begi mgongoni zina maana. Anayeshuka kwenye gari mlangoni mwa ukumbi abaki na alumini, tofauti ya bei aiweke kwenye lenzi.

Namba 2: monopodi

Kwa mpiga picha wa mpira wa miguu, hii inapanda hadi namba 1 bila mjadala. Uwanjani unatumia 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo mtikisiko si tatizo kubwa. Tatizo ni mabega. Lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/2.8 ina karibu kilo 3, nawe una dakika 90 mbele yako. Monopodi ifunge kwenye pete inayozunguka lenzi, usiifunge chini ya kamera, ili uzito ukae sawa.

Pia inakupa nafuu ya mwanga: lenzi ya milimita 200 iliyotaka 1/200 unaweza kuishusha hadi 1/50 ukisimama vizuri, mguu wa monopodi mbele, miguu yako miwili nyuma. Kanisani na ukumbini haizibi njia. Niliwahi kuacha tripodi karibu na njia ya maharusi, mtoto akajikwaa kwenye mguu wake na lenzi ikavunjika. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu. Tangu siku ile, kwenye sherehe nabeba monopodi. Sharti lake ni moja tu: usiiachie, hata ile yenye vidole vitatu chini.

Namba 3: mfuko wa maharage

Unaenda Serengeti au Mara? Acha zote mbili. Ndani ya gari la safari miguu ya tripodi haina pa kukaa, na kushuka hovyo hairuhusiwi. Mpe fundi cherehani kitambaa cha jinzi, ashone mfuko wenye zipu, safiri nao mtupu, ujaze maharage au mchele kilo 2 au 3 ukifika Arusha. Uweke kwenye ukingo wa paa, laza lenzi juu yake, kisha mwombe dereva azime injini. Kwa pesa ndogo kiasi hicho sijui kifaa kinachoushinda.

Zile tripodi nyepesi za plastiki zinazofika kifuani lakini hazitimizi hata kilo moja, ziachie simu. Kwa simu zinafaa. Kamera yenye lenzi nzito usiipandishe huko.

Ukishanunua, nunua na kibati cha pili cha kufungia kamera, maana ndicho kinachopotea kwanza. Ukiwa juu ya tripodi tumia taima ya sekunde 2 usiguse kamera, na lenzi ya zamani izimie kituliza picha. Ukitoka ufukweni, vuta miguu yote, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uiache ikauke ikiwa wazi. Mchanga ukibaki kwenye vifungo vya kuzungusha, utausikia ukisaga kila unapofunga.