PEPMIS: Mfumo Mzuri, Ila Alama Zisibandikwe Ukutani

Mfumo wa PEPMIS, yaani mfumo wa kompyuta wa kupanga na kupima utendaji wa kila mtumishi, ambao watumishi wa umma wa Tanzania walianza kuutumia katika mwaka wa fedha 2023/24 badala ya fomu za tathmini ya wazi za OPRAS, ni chombo kizuri cha kutunza kumbukumbu za kazi, lakini huharibika pale kiongozi anapoutumia kutangaza alama za kila mtumishi kwa jina.

Fomu za OPRAS, zilizoanza mwaka 2004 na kuondoa tathmini za siri, zilimpa mtumishi nafasi ya kukaa na msimamizi wake na kukubaliana malengo, ingawa wengi walizijaza kwa kunakili za mwaka uliopita. Katika PEPMIS mtumishi huingia kupitia ESS (tovuti ya watumishi ya kujihudumia), huweka majukumu yake, huyagawa katika kazi ndogo ndogo na kuripoti utekelezaji mwaka unapoendelea, kisha msimamizi huidhinisha. Kwenye kompyuta yenye mtandao mzuri kazi hiyo si ngumu. Kijijini, kwa mfano shuleni, hutegemea simu na bando la mwalimu mwenyewe.

Kasoro ninayoizungumzia haimo ndani ya mfumo. Katika halmashauri moja, ambayo sitaitaja, orodha ya majina na asilimia ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp, ikapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na baadaye ikachapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Orodha hiyo haikueleza kama mwenye asilimia ndogo hakufanya kazi, alikosa mtandao, au aliripoti kila kitu na msimamizi wake hajaidhinisha. (Mmoja wa walioshika nafasi za juu ni yule ambaye wenzake humpelekea simu awajazie.) Tangu hapo watumishi wamejifunza kuandika kazi nyepesi ambazo hawawezi kushindwa kuzikamilisha, na wasimamizi, wakijua kwamba alama zitasomwa na kila mtu, huwapa karibu wote alama zinazofanana ili wasigombane na mtu. Mfumo uliokusudiwa kuonyesha tofauti za utendaji unaishia kuzificha.

Wanaotetea utangazaji huo husema kwamba mlipakodi ana haki ya kujua. Haki hiyo ninaikubali, ila huhusu zaidi utendaji wa taasisi, na kwa ajili hiyo upo tayari mfumo wa PIPMIS, unaopima taasisi badala ya mtumishi mmoja mmoja. Hata Kenya, ambayo ilianza mikataba ya utendaji mwaka 2004, matokeo yaliyotangazwa hadharani yalikuwa ya wizara na mashirika. Alama ya mwalimu mmoja ni jambo la mwalimu huyo, mkuu wake wa shule na afisa utumishi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe, na sioni jinsi kumwaibisha mtumishi mbele ya wenzake kunavyoingia katika lengo la tathmini.

Kwa matumizi ya kawaida kati ya mtumishi na msimamizi wake, ninaupa mfumo huu alama nne kati ya tano. Ningeongeza ya tano kama kila taarifa ya alama ingeonyesha pia kazi ambazo msimamizi hajaziidhinisha na tangu lini zinamsubiri.